Mkono wa Shubiri

Mjukuu wangu alikuwa amefanya kazi miezi mitano kabla sijamharibia kwa swali moja.

Sikukusudia. Studio yao ilikuwa inatengeneza filamu ya katuni kutokana na gemu ya mapigano iitwayo Ulingo wa Mawe, gemu iliyokuwa ikitoka toleo baada ya toleo tangu mjukuu wangu hajaota meno. Filamu ilibaki kidogo tu kukamilika. Mwongozaji akatoa agizo kwamba Jumatatu kila mfanyakazi aje na mtu mmoja ambaye hajawahi kucheza gemu hiyo, ili waone kama mtu wa namna hiyo ataielewa hadithi. Wengine walileta waume zao, mmoja alimleta dobi wake. Mjukuu wangu alinileta mimi.

"Bibi, ukiona kitu hukielewi, sema," aliniambia tulipofika mlangoni. "Usione aibu."

"Mimi na aibu tuliachana zamani," nikamjibu.

Mlinzi wa getini alinitazama magoti, akanibebea kiti chake mwenyewe hadi chumba cha maonyesho. Viti vya mle ndani vilikuwa laini na vya chini, vile ambavyo ukikaa hutoki mpaka uvutwe. Yeye akarudi kusimama getini. Nililiona hilo, na wakati wa kutoka nilimrudishia kiti chake kwa mikono yangu.

Taa zikazimwa. Filamu ilikuwa ya mwanamke wa makamo aitwaye Shubiri, mpiganaji aliyeumia mkono mmoja zamani na haukupona vizuri. Anaufunga bandeji kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, na hivyo hivyo anapigana na vijana wenye mikono miwili mizima. Adui yake ni jitu moja lenye jicho moja, wanaliita Chongo. Yule alitungwa kwa ajili ya filamu tu, kwenye gemu hayumo. Filamu nzima Chongo anamchunguza Shubiri, anautazama ule mkono, anangoja siku yake. Pambano lao la mwisho lina urefu wa dakika moja na sekunde kumi, na ndilo alilolichora mjukuu wangu. Hajawahi kuaminiwa kazi kubwa kama hiyo. Kwa miezi mitano nilimsikia chumbani kwake akijirusharusha mbele ya kioo, akijipiga ngumi za uongo ili ajue bega linakwendaje.

Na kwa kweli lilikuwa pambano. Nilijikuta nimeshika mkono wa dobi wa watu.

Lakini mimi nilifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye wodi ya mifupa, nikifunga bandeji na plasta. Nipitishie harusi nzima mbele yangu, na mmoja awe amefungwa kidole, mimi nitamwona wa kidole. Ndiyo maana taa zilipowashwa na mwongozaji akauliza nani ana swali, niliinua mkono.

Dobi alinitangulia. "Mimi nimeelewa yote. Ila hawa watu hawali? Tangu mwanzo wanapigana tu."

Watu wakacheka. Mwongozaji, mama mmoja mfupi mwenye miwani juu ya kichwa, akageukia kwangu. "Na wewe, Bibi?"

"Nimeipenda sana," nikasema. "Ila huyu mama tangu mwanzo bandeji iko mkono wa kulia. Kwenye pambano la mwisho iko wa kushoto. Alipona ule akavunjika huu?"

 Walikuwamo watu kama thelathini ambao kazi yao ni kutazama picha, na wote walinikodolea macho kana kwamba nimesema Shubiri ana mkia. Mwongozaji akaomba filamu irudishwe nyuma. Wakasimamisha picha moja ya mwanzo, wakasimamisha moja ya mwisho. Kulia. Kushoto.

"Haya, nani kakosea?" mwongozaji akauliza.

Mchoraji mkuu akasimama. Wanamwita Jemedari, mtu mrefu mwenye mvi mbili tatu, ndiye aliyesimamia sehemu yote ya mwanzo. "Shubiri ni mkono wa kulia," akasema. "Dunia nzima inajua."

"Dunia ipi hiyo?" mjukuu wangu akamrukia. "Ni wa kushoto. Nimecheza hii gemu tangu sijui kufunga kamba za viatu."

"Mimi nimeicheza kabla hujajua kutembea."

"Basi ulikuwa unaicheza umefumba macho, kaka."

Vicheko vikapasuka, lakini mwongozaji hakucheka. Aliagiza iletwe karatasi ya mfano, ile ambayo kila mchoraji anaibandika mbele yake ili Shubiri wa huyu afanane na Shubiri wa yule. Ikaletwa. Ilikuwa na picha mbili zilizochukuliwa kwenye gemu yenyewe: Shubiri anayetazama kulia, bandeji mkono wa kulia, na Shubiri anayetazama kushoto, bandeji mkono wa kushoto. Kila mtu miezi yote hiyo alikuwa ametazama picha moja tu, ile aliyoizoea.

Mtu mmoja nyuma akapendekeza pambano la mwisho ligeuzwe tu, kama linavyoonekana kwenye kioo.

"Haiwezekani," mjukuu wangu akasema, sauti imeshuka. "Ukiligeuza, jicho la Chongo nalo linahama. Na maandishi ya ukutani yatasomeka kinyumenyume."

Mwongozaji akavua miwani kichwani, akaisugua na upindo wa blauzi. Wenye gemu walikuwa wanakuja Ijumaa kuitazama filamu na kuipitisha. Sehemu ya mwanzo ilikwisha kamilika, na muziki umeshatiwa. Kuchora upya pambano la mwisho kwa siku nne hakukuwezekana.

"Tutalikata," akasema. "Tutaacha kishindo na vumbi, kisha tuonyeshe Chongo yuko chini. Na nisisikie mtu yeyote akimlaumu yeyote. Karatasi hii niliisaini mimi."

Aliyasema hayo mbele ya watu wote, na nikamheshimu. Lakini mjukuu wangu alikuwa amekaa ameshika magoti yake, anatazama zulia, na mimi ndiye niliyefungua mdomo.

Nyumbani jioni ile aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilisimama kando yake na kitambaa, nikawa nafuta.

"Mama yangu," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita nikitaka anisikilize, "nisamehe."

"Bibi, uliambiwa useme, ukasema. Ungenyamaza, wangeona watu dunia nzima, nikachekwa mpaka uzeeni." Akasugua sahani ile ile. "Kinachoniuma ni kwamba sikukosea. Kushoto ni kushoto. Naiona hata sasa hivi."

"Na yule Jemedari naye anaiona ya kwake."

"Anaota."

Nikakumbuka wao wawili wakiwa wadogo, yeye na kaka yake, wamekaa sakafuni mbele ya televisheni, kila mmoja na pedi yake ya gemu mkononi. Niliwapitia mara elfu nikiwa na ndoo au beseni, nikiwaruka miguu.

"Wewe ulikuwa unakaa upande wa kulia," nikasema. "Siku zote. Kaka yako alikuwa hakubali kuondoka upande wa kushoto."

"Ndiyo, alijifanya mfalme. Mchezaji wa kushoto ndiye nambari moja, basi yeye..." Akaacha kusugua. Maji yakawa yanatiririka bure, nikafunga bomba. "Bibi. Mpiganaji wa kushoto anatazama kulia. Wa kulia anatazama kushoto. Kwenye gemu hawakumchora mara mbili, walimgeuza tu, kama kwenye kioo. Na bandeji inahama naye!"

Akachukua simu kwa mikono yenye povu, akampigia kaka yake. Hakumsalimu hata. "Shubiri amefungwa bandeji mkono gani?"

Nilimsikia kaka mtu hadi nilipokuwa. "Wa kulia! Kwani umelogwa?"

Akakata simu, akacheka, kisha kicheko kikamwisha. Kujua kosa lilikotoka hakukulirudisha pambano lake. "Kwa hiyo wote tuko sawa," akasema, "na kesho wanalikata."

Nikavuta kiti nikakaa. Nilitaka tu kumchekesha tena, nikamweleza habari za golikipa.

"Alikuja wodini golikipa mmoja, mkono wa kushoto umeteguka, na kesho yake ana mechi ya fainali. Nikachukua bandeji nimfunge. Akaurudisha mkono nyuma. 'Sista, usifunge huu,' akaniambia, 'nifunge huu mzima.' Nikamwuliza kama kichwa nacho kimeteguka. Akasema, 'Wale washambuliaji wakiona bandeji watapiga upande wa bandeji. Waache wapige kwenye mkono mzima.'"

"Ukamfunga?"

"Nilimfunga yote miwili, kazi yangu ndiyo ilikuwa hiyo. Ule mbovu chini ya shati, bandeji nyembamba isiyoonekana. Ule mzima nikaupamba bandeji nyeupe mpaka kidoleni."

"Wakashinda?"

"Walifungwa mawili. Yote yalipita katikati ya miguu."

Alicheka mpaka akaegemea sinki. Halafu akageuka ghafla, mikono inamdondosha maji kwenye sakafu niliyokwisha kupiga deki.

"Bibi, rudia hapo kwa washambuliaji."

Asubuhi ya Jumanne tulikwenda wote wawili, mimi nikiwa na roli tatu za bandeji kwenye mkoba. Tuliingia ofisi ya mwongozaji na kumkuta yeye na Jemedari wameinamia skrini, tayari wanatafuta pa kukata.

"Shikamoo, Bibi," wote wawili wakasema, na Jemedari akanisogezea kiti chake.

"Marahaba. Msikate kwanza."

Mjukuu wangu alisimama katikati ya chumba. Nilimzoea akizungumza huku akitazama vidole vyake. Siku ile aliwatazama usoni.

"Kaka," akamwambia Jemedari, "ulipokuwa mdogo ulikaa upande gani wa televisheni?"

"Kushoto. Mimi ni kifungua mimba, nani angenihamisha?"

"Mimi ni wa mwisho. Nilikaa kulia." Akawaeleza yale ya kioo. Mwongozaji akatoa kichwa mlangoni akawauliza wachoraji waliokuwa ukumbini, mmoja mmoja, mkono gani na upande gani. Kila aliyesema kulia alikaa kushoto, na kila aliyesema kushoto alikaa kulia. Mmoja akasema yeye alikuwa mtoto wa pekee, akicheza na kompyuta. Basi naye alikaa kushoto peke yake, na alisema kulia.

"Vizuri, tumejua ugonjwa," Jemedari akasema. "Dawa?"

"Shubiri anahamisha bandeji kwa makusudi," mjukuu wangu akajibu. "Kabla ya pambano la mwisho anakaa peke yake ghalani, tayari tunayo hiyo sehemu. Tuongeze sekunde nane. Anaifungua mkono wa kulia, anaifunga wa kushoto. Chongo amemchunguza filamu nzima, lakini alichokariri ni bandeji, si mkono. Akiona bandeji, atapiga palepale."

"Na kwenye pambano lako anapiga palepale," mwongozaji akasema polepole. "Kwenye bandeji. Na Shubiri anakinga nao, mkono hautetereki."

"Nilipomchora nilidhani ni ushujaa tu. Sasa ni akili. Na sijagusa hata picha moja."

Jemedari akajikuna kidevu. "Mashabiki watatuchinja. Miaka yote hii wanamjua ana mkono mmoja mbovu."

"Bado ni mmoja, kaka. Ila hakuna anayejua ni upi. Labda hata kwenye gemu alikuwa anahamisha kila siku, na sisi tuliokaa sakafuni tukagombana bure na ndugu zetu."

Nilimwona Jemedari akijizuia kutabasamu. Akashindwa. "Lakini bandeji ndefu namna ile, kwa sekunde nane, mtu peke yake? Itaburuzika chini kama utumbo. Haitaaminika."

Hapo ndipo nilipofungua mkoba.

"Nijifunge mwenyewe mkono wa kulia," nikasema, na nikajifunga nikiwaangalia. Raundi mbili kwenye kifundo, moja kupita kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kisha kupanda, kila raundi ikifunika nusu ya iliyotangulia, ncha nikaivuta kwa meno. Kisha nikawaonyesha wasichokijua. Mwenye kazi yake hafungui bandeji akaiacha ianguke. Anaikunja upya kadiri anavyoifungua, juu ya paja, kwa kiganja kimoja, hivi kwamba mkono huu ukiwa wazi, roli iko tayari kwa mkono ule. Niliihamisha. Mwongozaji alikuwa ameshika saa.

"Sekunde arobaini," akasema.

"Nina miaka sabini na mbili, mwanangu. Huyo Shubiri wenu anapiga watu mateke ya kichwa."

Wakacheka wote. Na kumbe wao hawahitaji kuonyesha mwanzo hadi mwisho: watachora mwanzo, kati na meno yanapovuta ncha. Mwongozaji alituangalia sote watatu, akavaa miwani sawasawa. "Mna mpaka Alhamisi saa kumi. Isipopendeza, tunakata."

Walinirekodi mikono asubuhi nzima. Jemedari mwenyewe ndiye aliyeshika taa. Nilirudia mara tisa, mara kwa mbele, mara kwa nyuma ya bega. Baada ya mara ya tano alitoka, akarudi na bakuli la maji ya uvuguvugu na taulo, akaliweka mbele yangu. "Mama yangu vidole vinamsumbua wakati wa baridi," akasema tu, akaendelea kupanga taa. Niliiloweka mikono yangu humo, nikawaza kwamba mtu huyu jana nilimwona kama adui wa mtoto wangu.

Tangu hapo wakawa wanakaa meza moja, yeye na mjukuu wangu, yeye kushoto na mjukuu kulia, na hakuna aliyekubali kuhama. Yeye alichora kufungua, mjukuu akachora kufunga. Matusi yao niliyasikia hadi ukumbini.

"Hicho kidole ni ndizi?"

"Afadhali ndizi kuliko kiwiko chako. Kama shingo ya chupa."

Jumatano nilipowapelekea chakula niliwakuta wamekwama. Jemedari alitaka vidole vya mkono mbovu vitetemeke kidogo, watazamaji wapate kuona maumivu. Mjukuu wangu hakutaka. Wakaniuliza mimi.

"Golikipa wangu," nikawaambia, "nilipoushika ule mkono ulioteguka hakupepesa hata jicho, na tulikuwa wawili tu chumbani. Anayeficha kweli anauficha hata ukuta."

Jemedari akatazama picha zake za siku nzima, zile za kutetemeka. Akazifuta zote mwenyewe, akaanza upya. Alhamisi saa tisa na nusu mwongozaji alizitazama zile sekunde nane mara nne mfululizo.  Alimshika mjukuu wangu bega, akarudi ofisini kwake.

Ijumaa wenye gemu walikuja watu watatu, lakini aliyekuwa na neno ni mmoja, mzee kidogo, mpole, mwenye daftari dogo la jalada gumu. Ndiye aliyekuwa katika watu wa kwanza walioitengeneza ile gemu. Mwongozaji aliomba na mimi niingie. Nilikaa nyuma, kwenye kiti cha mlinzi, na mlinzi safari hii naye alikuwa amepata cha kwake.

Yule mgeni aliandika sana nusu ya kwanza. Mjukuu wangu, safu ya mbele, alikuwa amekaa wima. Shubiri alipoingia ghalani akakaa juu ya kreti, akaanza kuifungua bandeji na kuikunja pajani, kalamu ya mgeni ikasimama. Mikono ile ilikuwa yangu, lakini ilikuwa na nguvu ya ujana na ilikuwa inajua inachokifanya. Hakuna muziki hapo, ni mkwaruzo wa kitambaa tu. Meno yakavuta ncha. Shubiri akasimama, akatoka nje. Chongo akaiona bandeji, akacheka, akapiga palepale, na mkono ukalipokea lile pigo kama nguzo. Mtu mmoja kati ya wale wageni akapiga ukelele kabisa. Pambano likaenda dakika yake moja na sekunde zake kumi, hakikupungua kitu.

Taa zikawashwa. Mgeni alikaa, kidole kimebana ukurasa wa daftari. 

"Tulipombuni Shubiri," akasema hatimaye, "mkono ulikuwa unahama kwa sababu mashine zile hazikuwa na nafasi ya picha mbili. Tulipata barua miaka mingi. Hatukuwa na jibu." Akageuka kumtafuta mwongozaji. "Sasa niambieni. Mkono ulioumia ni upi?"

Mwongozaji akamtazama Jemedari. Jemedari angeweza kujibu, yeye ndiye mkubwa wa wachoraji, na nilijua jibu lake. Akanyoosha mkono kumwelekeza mjukuu wangu.

"Pambano la mwisho ni lake," akasema. "Muulize yeye."

Mjukuu wangu akasimama. Hakutazama vidole vyake.

"Hilo Shubiri hajamwambia mtu," akasema. "Na sisi hatutamsemea."

 Mgeni akafunga daftari, akalitia mfukoni, akaegemea nyuma kwenye kile kiti laini ambacho angehitaji kuvutwa ili atoke.

"Pasiguswe," akasema. "Nionyesheni tena, kuanzia pale anapokaa kwenye kreti."